Usiifiche Inhela Yako

Mjukuu wangu Salma,

Huku Bondeni sote wazima. Babu yako amerudi kutoka Elburgon na mbao za kitanda chako cha harusi.

Unaniuliza kama uwasikize shangazi zako, uifiche inhela siku hiyo ili wakwe wasijue una pumu. Nimekasirika tangu niisome barua yako.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa na pumu kama wewe. Siku ya harusi yake walifunga madirisha yote wakamfukiza udi. Kifua kikambana, akajaribu kusema. "Bibi harusi haongei, tulia," wakamwambia. Akatulia, nao wakamsifu kwa adabu. Kucha zilijaa hina, kwa hivyo hakuna aliyeona zimegeuka rangi. Mimi ndiye niliyeinua mtandio nikakuta midomo yake imekuwa kama majivu. Nilichukua chetezo chao cha udi nikavunjia dirisha.

"Umetuaibisha," wakasema, dada yangu akiwa bado anatafuta pumzi.

Inhela utaishika mkononi, juu ya hina, wakwe wakiiona. Atakayeona aibu atoke nje, atuachie hewa.

Nyanya yako,
Rukia