Sufuria ya Nsimire

Nsimire, mukamwana wangu,

Maharage iko motoni, uongeze maji. Ile sufuria yako kubwa uifunike, ndani kuna rangi ya vitambaa.

Nimeenda Ibanda, kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Blanketi yangu ya vipande wameikubali! Citoyenne, yule mama msimamizi wa maonyesho, alikuja asubuhi kuitazama, na bwana yako Zihindula akaanza: "Mama, hii ni picha ya nini? Madoa yote haya, ni ya surua?" Citoyenne akaigeuza-geuza, akauliza kichwa iko upande gani. Nikamujibu: upande wowote. Akapiga makofi! Itatundikwa mbele ya zote.

Zihindula ~~abaki na surua yake~~ aje kubeba ngazi. Avae shati safi.

Waliuliza jina la blanketi. Nikasema: "Sufuria ya Nsimire." Tangu Pasaka unapikia katika kasufuria kadogo, na hujanung'unika hata siku moja.

Mama mkwe wako, Koko wa watoto