Ukishafunga, Kaa Ule

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Hapa Murusagamba maharage yamekubali, ila babu yako bado anakohoa.

Lakini umenichosha! Unafunga hadi saa saba mchana ili upungue, kisha mwenzako akitoka unajifungia chumbani na kubugia mpaka tumbo linauma, halafu unaniuliza kama ufunge zaidi?

Nilipoolewa, ilikuwa aibu bibi harusi kula mbele ya wakwe. Nilikataa chakula mchana kutwa, kisha nikajificha jikoni nikila maharage ya moto chunguni. Mama mkwe akanikuta nimeungua ulimi.

“We mtoto, unamwibia nani? Keti tule.”

Tulikula polepole, tukiongea. Nilishiba mapema, nikashangaa.

Funga ukipenda, mama. Ila ukifungua, kaa ule na mwenzako wa chumba. Kisha nipigie uniambie mmekula nini, siyo umepungua kilo ngapi.

Bibi yako