Kinyonga Mwenye Mkia Mzima

Jumapili, 2 Agosti 1959

Nimepata mnyama wangu wa kwanza kufuga — kinyonga! Nilimkuta kwenye mti wa kahawa nyuma ya shule. Ncha ya mkia wake imekatika, labda alidonolewa na kuku. Nimemwita Taratibu. Ngina, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Ruiru, alipanda kitandani akipiga kelele. Ati nyanya yake alimwambia kinyonga ndiye aliyechelewesha habari za uzima, ndiyo sababu watu tunakufa. Nikamwambia basi akae naye, amhimize! Akacheka. Akashuka.

Jumanne, 4 Agosti

Maji ya kikombe hataki hata kuyaona. Nimenyunyizia majani kwa vidole, akalamba tone moja, kisha lingine. Nzi wa chumba hiki wamekwisha. Baridi ya asubuhi humfanya mweusi kama makaa. Nikimweka dirishani apate jua, anarudi kuwa kijani. Usiku lazima alale ndani.

Bedan alikuja jioni kutoka kazini Thika, na panzi ndani ya kiberiti. Mchumba gani mwingine huleta panzi? Desemba, Mungu akipenda, tunafunga ndoa.

Ijumaa, 7 Agosti

Jumatatu naenda Thika, kozi ya walimu, wiki nzima. Nimemfundisha Ngina yote: panzi, matone, jua, ndani kabla ya giza. Ameapa atamtunza. Sasa anamshika bila woga, anamwongelesha kama mtoto. Rafiki ni huyu.

Jumatano, 12 Agosti — Thika

Nilidhani nikiwa hapa nitamwona Bedan kila jioni. Wapi! Ametuma mtu: mama yake ni mgonjwa sana, amekwenda kwao Murera, atakaa huko mpaka wiki iishe. Maskini. Nimewaombea wote wawili.

Jumamosi, 15 Agosti — Ruiru

Nimerudi. Ngina alinipokea mlangoni na kinyonga juu ya tawi — kijani, mnene, safi! Nikanyoosha mkono. Akavimba, akafoka, akaniuma kidole. Taratibu hajawahi kuniuma.

Halafu nikaona mkia. Umejikunja wote, mpaka ncha. Mzima!

Nilimwuliza Ngina. Ati umepona. Ati ni kama mkia wa mjusi, huota tena. Niliposema mkia wa kinyonga hauoti, akageukia sufuria akaanza kuisugua, na ilikuwa safi.

Basi Taratibu amekufa. Nimelia. Angeniambia ningemsamehe, viumbe hufa. Lakini kunitafutia mwingine na kunidanganya usoni! Imeniuma kuliko kidole.

Jumapili, 16 Agosti

Baada ya kanisa nilikutana na Mama Kamene wa chumba cha pili, anayetoka alfajiri kuuza maziwa. Anacheka mpaka anashika mbavu.

"Mwalimu, huyo bwana yako atakuwa mume mzuri! Alhamisi asubuhi, jua hata halijatoka, nimempata hapa nje, kwa ua wa miiba ya kayaba. Miguu mitupu, fulana tu. Ati anatafuta kinyonga! Mwanaume mzima!"

Alhamisi. Wakati huo mimi niko Thika namwombea mama yake.

Nilicheka pia, nifanye nini? Nikaingia ndani nikakaa sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo zenyewe tunaazimana na Ngina! Sweta yangu ya bluu anayo mgongoni hata leo. Nina hasira, nina aibu, na bado nampenda yule mtu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jioni hii Bedan amekuja, anaita toka mlangoni: "Idah, mama amepata nafuu!" Ngina alikuwa ameinama akitia majani ya chai. Nikawauliza wote wawili pamoja, bila kupandisha sauti: mlimzika wapi kinyonga wangu?

"Nyuma ya jikoni," akasema Bedan.

"Kinyonga gani?" akasema Ngina.

Kwa wakati mmoja. Ngai, Mungu wangu! Wakatazamana. Kisha Bedan akatoka nje, na Ngina akamfuata.

Wako nje sasa. Naandika kwenye ukingo wa kitanda. Wanadhani mabati ni ukuta wa mawe. Ngina analia. Anasema yeye alitaka Taratibu aachwe ndani. "Ni wewe ulimweka nje kwa baridi. Ati hutaki atuangalie."

Bedan anamwambia anyamaze.

Chai inachemka, inamwagikia motoni. Hakuna anayeingia.