Kichupa Namba Saba

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Chuo kikuu, likizo nzima, utafiti wa biolojia kwa kompyuta! Mwalimu wa sekondari mwenye kipara na miwani ya kusomea, katikati ya watoto ambao ningeweza kuwa nimewafundisha kufunga kamba za viatu. Hosteli wamenipa kitanda cha juu. Cha juu! Nimepanda kwa mafungu, kama mzigo.

Binti yangu ndiye msaidizi wa Profesa, na ndiye atakayetufundisha. Alipoona jina langu kati ya waliokubaliwa alinipigia simu: baba, umenifanyia nini? Leo kanivuta chini ya ngazi, kanipa masharti. Hapa hakuna baba. Hakuna kumwita mama, wala kumwuliza mbele za watu kama amekula. Yeye ni Mwalimu, mimi ni Mshiriki.

"Sawa, mama," nikamwambia.

Akafumba macho.

Ana haki. Tarehe 28 jopo linakuja kusikiliza utafiti wake, na nafasi ya kusomea uzamivu ni moja tu. Mwaka jana ilimpita hivi hivi, na kuna midomo ilisema eti msichana anabebwa. Wakijua baba mtu yuko darasani, watasema sasa amehamia na ukoo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeanguka kitandani. Si usingizini — nilikuwa nashuka, na heshima zangu zote. Asubuhi nzima zahanati, goti kama boga. Kipindi cha kujiandaa kwenda mtoni kimenipita. Muuguzi kauliza umri, kauliza na kitanda, kacheka hadi kaweka sindano chini. Mke wangu kwenye simu: "Uliniaga unakwenda kusoma, kumbe umekwenda kupanda vitanda!"

Kijana wa kitanda cha chini amenipisha. Analala na muziki masikioni, lakini adabu anayo.

Alhamisi, 6 Juni

Mtoni. Mto unapita nyuma ya chuo, na ukingoni kuna kiwanda cha maziwa. Tunateka maji kwenye vichupa, mashine inasoma DNA iliyomo, kisha kompyuta inatuambia ni bakteria gani wanaishi humo. Wenzangu walipelekwa juu ya kiwanda, kwenye mawe. Mimi na goti langu tukapewa chini ya kiwanda, kwenye nyasi. Vichupa vitatu.

Kabla sijateka — balaa. Kikombe cha mtindi nilichokificha mfukoni kwa ajili ya saa nne kikapasuka. Vidole vyote! Glavu zenyewe hazikuniingia, vidole vya chaki hivi. Kunawa mtoni marufuku, tusiyachafue maji. Bahati nzuri kwenye boksi kulikuwa na kichupa kimoja cha ziada, maji safi, naona hakina kazi. Nikachovya vidole, nikapangusa kwa leso, nikakifunga, nikakirudisha. Ndipo nikateka, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Hakuna aliyeniona. Ningetaniwa hadi ninakwenda zangu nyumbani!

Alhamisi, 13 Juni

Majibu ya mashine yamekuja. Kila mmoja anaandika programu yake, achambue kichupa chake. Mimi nimepewa namba saba. Wenzangu wanajua vyao vilitoka juu au chini. Changu sijui cha wapi. Miaka yote nawaambia wanafunzi hakuna swali la kijinga. Sikuuliza.

Shida yangu ni mabano. Nikilifungua bano, nasahau kulifunga. Kompyuta inanitupia mistari myekundu, mingi kuliko niliyowahi kumwandikia mwanafunzi yeyote. Malipo ni hapa hapa. Darasa zima sasa linaniita Mzee Mabano. Hata Mwalimu aliteleza, akaniita hivyo hivyo, akacheka kile kicheko chake cha utotoni. Nikajifanya natafuta kalamu.

Ijumaa, 21 Juni

Makubwa! Vichupa vya juu ya kiwanda: hakuna kitu. Vya chini, vyote vitatu: bakteria wa maziwa, tele. Maana yake kiwanda kinamwaga uchafu mtoni! Mwalimu anang'aa. Profesa — mtu wa maneno machache na masharubu mengi — kasema "Hm" mara mbili, nasikia hiyo ni sifa. Nami kichwa kimevimba kidogo: vile vitatu niliteka mimi, tena kwa vidole vilivyonawa.

Kimebaki namba saba tu. Bado mabano. Kijana wa kitanda cha chini akamwambia Mwalimu, nipe mimi, nakimaliza sasa hivi kabla ya chai. Akamjibu: "Ni kazi yake. Ataimaliza."

Nilitoka ukumbini kufuta miwani. Ilikuwa safi.

Jumanne, 25 Juni

Mistari myekundu. Goti limepona, kichwa ndicho kinachouma.

Ijumaa, 28 Juni

Naandikia ukumbini, kiti cha nyuma. Bano la mwisho nimeliona leo kwenye kifungua kinywa! Programu inakimbia hapa mapajani, kompyuta imepata moto kama pasi.

Jopo limekaa mbele, halitabasamu. Yeye amevaa koti la mama yake. Anazungumza vizuri — nani kamfundisha kusimama hivyo? Mto. Kiwanda. Vichupa vyangu vitatu ukutani, vikubwa kama milango.

Mama mmoja wa jopo anauliza: mna hakika bakteria hawa hawakutoka kwenu wenyewe?

Mwalimu anatabasamu. Tunaye shahidi, anasema. Kichupa namba saba. Maji safi, tulikwenda nayo mtoni, tukarudi nayo, hatukuyatia kitu. Kama ni sisi tuliochafua, yeye atatusema. Mshiriki wetu anamalizia kukisoma.

Shahidi! Kumbe hayo ndiyo waliyofundishwa ile Jumatano. Mimi na goti langu, zahanati.

Kichupa cha ziada. Vidole vyangu.

Kompyuta imemaliza. Mara ya kwanza bila mstari mwekundu hata mmoja. Bakteria wa maziwa. Tele. Hakuna wengine.

Naweza kuifunga. Naweza kusema mabano yamenishinda — nani humu asingeniamini? Binti yangu nafasi angeipata. Na kiwanda, na wale watu wanaotoka pale zamu ya asubuhi na buti zao nyeupe, wangebaki na mzigo wa kikombe changu cha mtindi.

Mama wa jopo anasema basi tumsubiri huyo shahidi.

Mkono umeshapanda. Naandika kwa wa kulia, wa kushoto uko juu, kama wa mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Ameniona. Sura hii anaijua, ndiyo niliyokuwa nayo siku nilipomwunguzia sare ya shule kwa pasi. Ameweka chini kijiti cha kuelekezea. Jopo limegeuka. Masharubu yamegeuka.

"Ndiyo, baba," amesema. "Kuna nini?"