Bunduki ya Shemeji Yunusi Inavuta Kushoto

Jumatatu, 15 Aprili 1912
Mvua tena. Shemeji Yunusi kakosa shabaha zote juzi. Risasi zinakwenda kushoto tu! Mkubwa wa askari anasema anafanya kusudi. Akikosa tena Ijumaa, viboko hamsa ishirini. Dada Hidaya kaja karakana ya boma analia: kaka Rehani, kitako cha bunduki ya mume wangu, ule mti wake, si ulichonga wewe? Nilichonga mimi. Lakini kwa nini kushoto? Mbona si juu, wala si chini?

Jumanne, 16 Aprili
Maneno, fundi chuma, kanionyesha. Mtutu unaingia kwa hesi, unazungushwa kama skrubu, kwenye kasha, lile chuma la nyuma linalopokea risasi. Kuna mkwaruzo kwenye mtutu na mwingine kwenye kasha. Ikikutana, kidude cha kulengea kule mbele kinasimama wima. Imekutana. Basi eti bunduki nzima, mbovu ni shemeji yangu. Thubutu!

Nikapima kiseremala, kama mlango uliopinda. Ufito juu ya kidude, ufito mwingine chini ya mti wa kitako. Nikafumba jicho moja. Loo! Haulingani.

Jumatano, 17 Aprili
Nimembishia Maneno mpaka kachoka. Kabana mtutu kwenye jiriwa, kageuza kasha kidogo, unene wa ukucha. Tukarudisha mti. Fito sawasawa! Raha iliyoje. Maneno anaguna: seremala kawa mwalimu wa chuma. Hidaya katuletea ugali na mlenda.

Alhamisi, 18 Aprili
Yunusi kachukua bunduki. Kashukuru mno.

Ijumaa, 19 Aprili
Asubuhi nimelaza mezani kitako kingine, cha gogo lile lile la mninga. Kinayumba! Nikasukuma huku, kikainuka kule. Gogo lilikuwa bichi—walinihimiza, nikachonga masika haya haya. Mti umejipinda. Kile cha Yunusi pia! Chuma kilikuwa sawa tangu mwanzo. Nimepima mti, nikageuza chuma. Sasa kidude hakisimami wima tena, naye atakosa! Mjinga mimi!

Nimekimbia na Maneno mpaka uwanja wa shabaha. Mlinzi kanizuia kambani. Nasema bunduki ile mbovu, ananiambia nyamaza, mkubwa anatazama. Maneno kaenda kuzunguka kwa nyuma, sijui kafika wapi. Naandika nimesimama, mvua inalowesha karatasi. Nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Zamu ya Yunusi. Nimempungia mikono yote miwili—acha, acha! Kaniona. Anacheka. Kapunga naye, kagonga kitako mara mbili kwa kiganja, kunisifu. Sasa kalaza shavu