Bustani ya Mfalme, na Yako

Mke wangu,

Usinune huko uliko. Nnakuandikia kwa mkono wangu, na unajua darasa langu ni la nne, tena la kubebwa. Barua hii ina habari mbaya, kwa hivyo nnaanzia mbali, kama kawaida yangu.

Unakumbuka Beijing, tulipomfuata mwanao alipokuwa akisoma? Akatupeleka kwenye bustani ya wafalme wa Kichina. Mie nilitaraji maua, nikakuta mawe yamelala kama ngamia waliochoka. Akatutafsiria kibao: mfalme mmoja aliianza, mwanawe akaiongeza, mjukuu akazidi kuchimba maziwa na kupanda miti. Akipenda mahali huko kusini, huamrisha pajengwe vile vile mle bustanini mwake. Ukanifinya.

"Unaona? Si mie peke yangu mwendawazimu."

Kweli, maana nyuma ya nyumba yetu hapa Madinat Sultan Qaboos, na jua lote hili la jangwani, ulijipandia Unguja nzima. Pembe ya mlangilangi ukaiita Bububu. Mkilua uliuleta mche ndani ya begi la nguo, umeuviringa kwenye kanga. Kila Alkhamisi ukifunga vikuba vya asumini na mrehani, kimoja ukinichomeka sikioni, nikawa biharusi mwenye ndevu.

Kisha, mwanao akasema pale Beijing, wakaja askari wa Kiingereza na Kifaransa, wakaiba walichoweza, wakatia moto. Siku tatu inawaka. Weye ukalia. Mie nikaokota kijiwe, nikakitia mfukoni.

"Kirudishe! Na weye askari?"

Nikakirudisha.

Sasa habari yenyewe. Ulipotangulia mbele ya haki, kimya cha nyumba kilinishinda. Mwanao akanambia, "Baba, tutahamia kwako sote, na wajukuu. Lakini magari yetu manne tutayaweka wapi?" Nikaona macho yake yanakotazama. Ndiye huyo huyo aliyetutafsiria kibao.

Nikamwambia, "Kata."

Neno moja tu, mke wangu. Hata adhuhuri haikuingia, mashine ishamaliza. Mkilua ulikuwa wa mwisho, na siku ile ulikuwa na maua, mjinga yule, kama haukuambiwa.

Saruji imekauka. Hawakuhamia. Mkewe kapenda nyumba iliyo karibu na skuli. Magari ndiyo yanayokuja: wakisafiri, huyaacha kwangu wakaenda zao uwanja wa ndege. Nnakaa na magari. Asubuhi nnayaamkia, wallahi, na hata moja halinitukani kama ulivyokuwa ukinitukana weye.

Nimejaribu asumini kwenye kopo la samli. Imekufa.

Mzaha basi. Mfalme aliunguziwa na wageni, anao wa kuwalaani. Bustani yako kaivunja aliyekuwa akichomekwa vikuba vyake.

Sikuombi msamaha. Ukinipa, ntaupanda wapi? Udongo hamna tena.

Mumeo,
yule askari