Somo Langu la Kasa Limepata Mwenyewe Mwingine

Msambweni, Jumatano, Juni 1998

Manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu nao umefunga. Leo sitaandika kwa adabu. Rafiki yangu ameniuza.

Mimi na Mwanajuma tumefundisha pamoja hapa miaka mingi, hadi muhula uliopita alipohamishiwa Diani. Tumekula sinia moja. Wanangu humwita mama mdogo.

Hoteli moja ya Galu iliniazima mashine yake kuukuu ya slaidi, pamoja na picha za viumbe wa baharini walizokuwa wakiwaonyesha watalii. Umeme tulivuta kwa waya kutoka duka la jirani, madirisha nikayafunika kwa leso zangu ili darasa liingie giza, na ukutani akatokea kasa mkubwa kama mlango. Baada ya picha, darasa la nne hucheza fumbo: kasa yule yule nimemchora kwenye boksi la sabuni na kumkata vipande. Wakishamuunganisha kwenye sinia, wanafunika sinia la pili juu, wanapindua, na mgongoni mwa picha wanakuta sentensi ya kusoma. Waliokuwa wakijificha wakati wa kusoma sasa wanagombea kupindua.

Mwanajuma alikuwa akija kunitazama. Slaidi hutiwa kichwa chini ndipo picha isimame, naye kila mara alitutolea kasa aliyelala chali. Tulicheka mpaka machozi. Nikamfundisha yote.

Yote!

Hoteli ikasema mashine itapewa shule ya mwalimu atakayeonyesha somo bora mbele ya wakaguzi, huko Kwale. Ikaichukua kuipeleka. Siku zilipokaribia, Mwanajuma akaniambia maonyesho ya Jumamosi yameahirishwa, mkaguzi amefiwa. Fumbo alikuwa ameshaliazima kwangu, eti awakatie watoto wake mfano wake. Tena Jumamosi hiyo kwao kulikuwa na hitima ya marehemu babake. Akaniomba nisimamie jikoni, na nimwazime leso za kutandikia wageni.

Hitima haikataliwi. Nilipika pilau ya watu, moshi machoni, mwenye msiba mwenyewe haonekani. Mamake akasema kaenda kuwapokea wageni. Alirudi baada ya alasiri, akala, akanishika mkono: "Dada, Mwenyezi Mungu akulipe." Mimi nikaitikia amina.

Leso zilirudi zimefuliwa, zina matundu ya misumari pembeni. Nikawasingizia watoto.

Leo amerudi Mwalimu Otieno wa hesabu, aliyekuwa Kwale Jumamosi kisha akasafiri kwao. Ameniambia, "Madamu, mbona haukuja? Rafiki yako ameshinda na ile somo ya kasa. Amesema ametengeneza mwenyewe. Nilidhani mmeelewana."

Nimekwenda nyuma ya choo cha walimu nikalia.

Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu kajifunga leso zangu kabisa. Kinachonichoma zaidi si somo. Ni kwamba aliiacha hitima ya babake, akaniweka mimi jikoni mwake ili nisiwe Kwale. Alinijua vizuri. Alijua kuna kazi moja tu ambayo nisingeiacha.

Nimewaza kwenda kulalamika. Lakini ili niaminiwe itanibidi nieleze nilikuwa wapi siku ile na kwa nini, na habari itamfikia mamake, bibi wa watu aliyeshinda akiniombea dua kando ya sufuria. Nina hasira, lakini yeye hana kosa. Kwa Mwanajuma mwenyewe nitakwenda, tena wiki hii, na sitabisha hodi kwa upole.

Mchana darasa la nne wameniuliza mashine inarudi lini. Nimewaambia sijui. Nimewadanganya watoto wangu kwa ajili yake.

Kesho nitawaambia hairudi. Na wakiniuliza imechukuliwa na nani, nitalitajaje jina la mwalimu aliyewafundisha a, e, i, o, u?